Uwanja Uliopimwa kwa Kamba Iliyolowa

Wiki iliyopita nilisimama karibu na njia panda ya Makambako, nikisubiri manyunyu yapungue ili nivuke barabara. Mbele yangu vijana walikuwa wakifunga mzigo wa mahindi juu ya lori. Siku hizi karibu wote wanatumia kamba za manila, ambazo hazina harufu yoyote. Lakini lori hilo lilikuwa la zamani, na kamba yake ilikuwa ya katani, nene, imelowa chepechepe. Harufu yake ikanijia, ya majani makavu yaliyotiwa maji, yenye uchachu kidogo, kama gunia lililosahauliwa mvuani. Nikasahau kuvuka.

Kijana mmoja akaniita kutoka juu ya magunia, "Bibi, unasubiri lifti?"

Nikamwambia kwamba ninakokwenda mimi, lori lake halifiki.

Ndugu msomaji, harufu ile ilikuwa imenipeleka Yakobi, pembeni mwa mji wa Njombe, kwenye uwanja wa timu yetu ya Ukungu, na nilikuwa na miaka kumi. Uwanja huo watu wanauita Uwanja wa Kamba, ingawa ubao wa langoni una jina jingine refu ambalo hakuna anayelitumia. Vijana wa Makambako wakija kucheza huko wanacheka. Wanasema unaitwa hivyo kwa sababu wenyeji walikuwa wakifungia mbuzi magolini. Wetu wanawajibu kwamba zamani watazamaji walizuiwa kwa kamba wasiingie uwanjani. Wote wanakosea, ingawa wale wa Makambako na mbuzi wao wako karibu na ukweli kuliko wanavyojua.

Leo uwanja una ukuta wa tofali za kuchoma, jukwaa la mabati upande wa magharibi, na magoli ya bomba la chuma. Lakini mwenye macho ataona umri wake. Goli la juu limeingia ndani ya kilima, na nyuma yake kuna ukingo mrefu wa udongo mwekundu uliochongwa ngazi, ambako watu hukaa wamepangana kama kanisani. Juu ya ukingo ni mashamba ya viazi, na mpira ukipaa huko, anayeufuata huambiwa apite kwenye mifereji, asikanyage matuta. Goli la chini linatazama bondeni. Hapo mpira ukitoka hukimbia wenyewe mpaka mtoni, na timu ngeni hudhani tunapoteza muda makusudi. Saa kumi jioni, miezi ya baridi, ukungu hupanda kutoka mtoni na kulimeza goli la chini, kisha mduara wa kati, kisha mwamuzi. Mechi husimama. Watu huvuta makoti na kusubiri, na hakuna anayeondoka.

Katikati ya ukingo ule wa goli la juu lipo jiwe bapa. Hakuna anayelikalia, hata siku watu wanapobanana. Nitafika kwenye jiwe hilo.

Nilipokuwa mtoto, pale palikuwa mteremko mtupu. Timu yetu ilichezea juu yake, na nahodha aliyeshinda kurusha shilingi alichagua kushambulia kuteremka. Kipindi cha kwanza ulifunga, kipindi cha pili ulifungwa, na watu wakarudi nyumbani wakisema tumetoka sare na kilima. Kisha ikaja barua kutoka kwa viongozi wa mpira wa wilaya. Timu inayotaka kuingia kwenye ligi iwe na uwanja tambarare, urefu wake usipungue mita tisini. Isiyo na uwanja huo itacheza mechi zake za nyumbani Makambako.

Kwa kijana wa leo Makambako ni karibu. Kwetu ilikuwa safari ya kupanda lori alfajiri na kurudi kesho yake, kama lori litapatikana. Mama zetu wasingeiona timu tena, wala wazee. Na wapinzani wetu wakubwa walikuwa haohao wa Makambako, vijana wapakiaji wa stesheni na wa stendi, wenye vifua vipana na midomo mirefu. Walituma salamu kwa dereva mmoja: "Waambieni Ukungu waje tu, tutawapa kona ya kulala."

Baba yangu alikuwa katekista wa kigango chetu. Watu walimwita Mwalimu. Hakuwahi kucheza mpira maishani mwake, goti lake moja lilikuwa bovu tangu utoto, lakini wachezaji wote walikuwa wamepita mikononi mwake kwenye mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, na aliwahesabu kuwa wake. Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo, akasema, "Kilima kile tutakisawazisha."

Zakaria, nahodha wa timu, mpasua mbao mwenye mikono kama mizizi, akauliza kutoka nyuma, "Kwa kitu gani, Mwalimu? Kwa jembe?"

"Kwa jembe, Zakaria. Na beleshi, na karai."

"Kilima kizima?"

"Kilima hakitakimbia. Na sisi tusikimbie."

Sehemu kubwa ya mteremko ilikuwa ya kigango. Upande wa bondeni hatukuweza kwenda zaidi, palikuwa tindiga, ardhi ya majimaji isiyobeba mguu. Upande wa juu palianza shamba la viazi la Bibi Filomena, mjane aliyeishi peke yake na mbuzi mmoja. Baba alinichukua kwenda naye kumwomba, kwa sababu Bibi alinipenda, na mimi, nikiwa nimeanza kushika nafasi za mbele darasani, nilijipa kazi ya kumsahihisha Kiswahili. Kibena chake kilikuwa kama maji ya mto. Kiswahili alijifunza ukubwani, sokoni, na alikipanga apendavyo.

Tulimkuta akilegeza kamba ya mbuzi wake, kama alivyofanya kila ukungu ulipoanza kupanda. Nilidhani ni mazoea ya wazee. Baba akasalimia, "Kamwene, Bibi," akaeleza haja yake. Bibi akatazama matuta yake.

"Viazi yangu iko karibu kuiva," akasema.

"Viazi vyangu, Bibi," nikamwambia. "Viko karibu."

"Vyangu, yangu, vikiiva hutakula?" Kisha akamgeukia Baba. "Unataka matuta mangapi?"

Baba akamwambia kwamba hajui mpaka apime. Akaahidi hivi: atapima kuanzia kwenye tindiga, na kamba itakapoishia, hapo ndipo uwanja utakapoishia. Hata tuta moja zaidi ya hapo hataligusa. Bibi akakubali, lakini niliona alivyokubali. Alikubali kama mtu anayeinuka kutoka karibu na moto.

Kamba yenyewe ilikuwa ya katani, mpya. Mwalimu mkuu wa shule alikuwa na futi kamba, akatusaidia kuipima ikawa mita thelathini kamili, na Baba akafunga kitambaa chekundu kila ncha. Mara tatu za kamba hiyo ndizo mita tisini. Akanikabidhi mimi. Akaniambia niitundike juu ya moto jikoni, ikae pakavu mpaka asubuhi ya kupima.

Nitaungama kwenu kama nilivyoungama kwa padri. Kamba mpya ya katani, ndefu, laini, kwa mtoto wa kike wa miaka kumi ilikuwa ya kuruka. Jioni ile ya kuamkia siku ya kupima niliitoa jikoni, tukaenda mteremkoni na wenzangu wawili, tukairuka mpaka miguu ikatetemeka. Kengele ya Malaika wa Bwana ikagongwa. Kila mmoja wetu alijua kwamba mtoto atakayekuwa hajafika nyumbani sala ikianza atajieleza, tukakimbia. Kamba ikabaki kwenye majani, karibu kabisa na njia iendayo kwa Bibi Filomena.

Niliikumbuka nikiwa kitandani, na sikuthubutu kutoka. Kulipopambazuka niliifuata. Ukungu ulikuwa mzito, kamba imejaa maji, ngumu, imevimba kidogo. Niliikamua kwa gauni langu. Baba akanikuta nayo njiani.

"Mama, ilikuwa juu ya moto?"

"Ndiyo, Baba."

Maneno mawili tu. Sikujua kwamba kamba ya katani ikinywa maji hujivuta na kuwa fupi. Niliogopa fimbo, si kipimo.

Tukapima. Zakaria alishika ncha moja, Baba ncha nyingine, na mimi nikapigilia vigingi. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kigingi cha mwisho kiliingia kwenye ukingo wa shamba la Bibi, kikala tuta moja peke yake. Watu wakafurahi kwa ajili yake. Bibi Filomena alikuwa amesimama palepale kwenye shamba lake, amejifunga kitenge mabegani. Aliitazama kamba, akanitazama mimi, akageuka akaenda zake kabla ya Baba kuanza sala ya kufungua kazi. Bibi huyo hakuwahi kukosa sala ya aina yoyote.

Kazi ile sitaisahau mpaka nikifa. Ilikuwa mgowe, kazi ya pamoja ya kijiji kizima, lakini si mgowe wa siku moja tunaoujua kwenye mashamba, huu ulikuwa wa majuma na majuma. Wanaume walikata kilima upande wa juu, wanawake wakabeba udongo kwa makarai kuujaza upande wa chini, watoto wakashindilia kwa miguu wakiimba. Asubuhi nyingine majani yalikuwa meupe kwa barafu, na udongo ulitoa moshi ukichimbwa. Baba aliamuru kinywaji cha kazi kiwe togwa. Zakaria alilalamika kwamba kilima hakijawahi kushindwa na togwa, na sote tulijua kuna vibuyu vya ulanzi, pombe ya mianzi, vimefichwa kwenye milingoti. Kwetu mlingoti ni ule mti mrefu wa kupandwa, na pia ni nguzo ya goli, na hatukuona haja ya maneno mawili, kwa sababu magoli yetu yalikatwa hukohuko na yalinukia dawa ya kifua msimu mzima. Chokaa hatukuwa nayo. Kila nyumba ilileta debe la majivu, na mistari ya uwanja ikachorwa kwa majivu ya majiko yetu.

Kiwanja kikatokea. Kitu kilichokuwa mteremko tangu kuumbwa kwa dunia kikawa tambarare, na mpira ukiuweka chini ulikaa. Wazee walikuja kuuweka tu, wautazame unavyokaa.

Jumatatu moja mkaguzi akaja kutoka wilayani, bwana mpole mwenye viatu safi. Akatoa kwenye kasha la ngozi tepu ya chuma. Akapima. Akapima tena. Kisha akavua kofia, nami nikajua kuna msiba.

"Mwalimu, mmefanya kazi kubwa sana. Lakini hapa hazifiki tisini. Zimepungua mita tatu na nusu."

"Haiwezekani," akasema Zakaria. "Tulipima sisi wenyewe."

"Labda miguu yenu ni mirefu," akasema mkaguzi, akijaribu kutuchekesha. Akasema mechi ya kwanza ni Jumapili, dhidi ya Makambako. Atarudi Jumamosi asubuhi. Kama mita hizo hazitakuwapo, mechi itahamishiwa kwao, na nyingine zote.

Alipoondoka, Baba aliagiza kamba iletwe, kavu, kutoka juu ya moto. Wakapima. Kamba ikasema kama tepu ilivyosema, pungufu mita tatu na nusu. Mzee mmoja akaikunja kamba mkononi, akanusa, akasema taratibu, "Leo ni kavu. Siku ile ilikuwa imelowa."

Macho yakamgeukia Baba. Nilikuwa nyuma yake, nimeshika koti lake. Nikasubiri aniite.

"Kamba ilikuwa nyumbani kwangu," akasema Baba. "Kosa ni langu."

Yule mtu mwenye goti bovu, aliyebeba udongo kwa majuma, alisimama mbele ya watu aliowachosha na kulibeba hilo pia. Nami nikanyamaza. Zakaria alikaa chini kwenye majivu ya mstari wa goli, akasema, "Tuta moja, Mwalimu. Uliahidi. Tindiga huku, ahadi huku. Tumekwisha."

"Hatujakwisha," akasema Baba. "Tumepungukiwa mita tatu na nusu."

Lakini nilimwona akitazama shamba la juu, na nilijua hatakwenda kuomba. Ahadi kwake ilikuwa ahadi.

Aliyekuja ni Bibi mwenyewe. Alishuka kwa fimbo yake mpaka kwenye goli, watu wakampisha.

"Chukueni," akasema. "Chukueni mpaka hiyo mita yenu itoshe."

"Bibi, nilikuahidi," akasema Baba.

"Wewe uliahidi. Mimi nimekuachia. Lakini viazi ivunwe kwanza, na nataka mvunaji mmoja tu." Akaninyooshea fimbo. "Huyu mtoto wa Mwalimu. Mkitaka kunisaidia zaidi, mniachie jiwe langu pale juu, nitakaa nione hiyo mipira."

Siku mbili nilivuna viazi vya Bibi Filomena. Baridi iliniuma vidole, matope yaliganda kwenye magoti. Chini yetu watu walikuwa tayari na majembe, wanasubiri kila tuta linaloachiwa. Bibi hakukaa kunisimamia. Alivuna nami, upande wa pili wa tuta, uso kwa uso, ingawa alisema anataka mvunaji mmoja. Siku ya pili, karibu na tuta la mwisho, moyo wangu ukashindwa. Nikamwambia yote, kuruka, kengele, kitanda, na ile "Ndiyo, Baba."

Aliendelea kufukua.

"Nilikuona," akasema. "Nilikuwa natoka kisimani. Niliona mnaruka, niliona mnakimbia. Niliiona kamba."

Nililia. Akanifuta uso kwa kitenge chake kilichonukia moshi, akaweka kiazi cha mwisho kwenye kikapu, akapangusa mikono.

"Basi," akasema. "Tumevuna. Dhambi yetu imekwisha."

Hata katikati ya machozi, mimi niliyeshika nafasi ya pili darasani sikuweza kuliacha lipite.

"Si 'yetu', Bibi. Unatakiwa kusema 'yako'. Dhambi yako imekwisha."

Alinitazama, akacheka kidogo bila meno. "Haya, Mwalimu. Yako."

Jioni nilimwambia Baba. Alikuwa ameweka goti lake karibu na moto. Akasema, "Niliishika kamba asubuhi ile, mama. Mkono wangu ulilowa, nikadhani ni umande. Sikuangalia. Kwa hiyo niliposema kosa ni langu sikusema uongo." Kisha akanipa ugali wangu.

Kijiji kilichimba siku tatu. Ijumaa mvua ilinyesha, wakachimba. Zakaria aliomba udhuru wa mbao kwa tajiri wake, akachimba kwa mikono miwili na midomo mitatu, akiwatukana Makambako kwa kila jembe. Jumamosi mkaguzi akafungua tepu yake juu ya udongo mbichi, ikafika tisini, ikapita kidogo. Jumapili, baada ya Misa, Makambako walishuka kwenye lori, wakauona ule ukuta mwekundu wa udongo nyuma ya goli, wakanyamaza kwa mara ya kwanza. Zakaria akawaambia, "Karibuni Uwanja wa Kamba," na jina likabaki. Tulitoka sare. Kilima hakikuhusika.

Bibi Filomena alikaa kwenye jiwe lake mechi zote, mpaka Mungu alipomchukua.

Miaka mingi baadaye nilikuwa nimeolewa huku Kitandililo, karibu na Makambako, na nilifuga mbuzi. Asubuhi moja ya manyunyu nilimkuta amebanwa, kamba ya katani imemvuta mpaka kwenye kigingi, shingo imekunjamana. Nikapiga magoti kwenye matope kumlegezea. Mikono yangu ikafanya jambo ambalo ilikuwa imeliona kwingine, kwenye mikono mingine, ukungu ulipokuwa ukipanda.

Nilibaki nimepiga magoti pale. Bibi alizijua kamba. Alizijua kila siku ya maisha yake. Jioni ile, akitoka kisimani, aliiona kamba ya kupimia imelala kwenye majani, akajua ukungu utaifanya nini, na akajua ufupi wake utamwachia viazi vyake. Angeweza kuinama akaiokota. Alipita. Ndiyo maana asubuhi yake hakukaa kwenye sala. Ndiyo maana alishuka kutoa shamba bila kuombwa, na akavuna uso kwa uso na mtoto mwenye malipizi sawa na yake.

Bibi Filomena alikuwa akiungama kwangu, nami nilimsahihisha sarufi.

Namshukuru Mungu kwamba bado naweza kwenda Yakobi kila msimu, magoti yakiruhusu. Napanda zile ngazi za udongo kabla watu hawajajaa, naweka kiganja changu juu ya jiwe, huwa ni baridi daima, na ninasema kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili kilichokuwa sahihi tangu mwanzo: "Yetu, Bibi."